Jiwe Lisilopimwa

Jiwe la chokaa ni mwamba uliozaliwa baharini. Sehemu yake kubwa ni kaboneti ya kalsiamu, ambayo konokono, kombe, matumbawe na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hujijengea magamba na mifupa. Wakifa, mabaki yao hulundikana chini ya bahari, yakagandamizwa na kushikamanishwa na kaboneti nyingine inayoachwa na maji. Pwani ya Afrika Mashariki ina mwamba huu wa marika mawili yaliyoachana mno. Ukanda wa ufukoni na visiwani ni wa matumbawe yaliyo machanga kwa hesabu ya wanajiolojia, sehemu kubwa ikiwa na umri wa miaka laki moja na ushei. Ndiyo mawe yaliyojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593, na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja. Nyuma ya ukanda huo, Kambe katika Kaunti ya Kilifi na Amboni karibu na Tanga, kuna mwamba wa enzi ya Jurasi, wenye zaidi ya miaka milioni 150, mzito, ulioshikana, unaotoa mlio mkavu ukigongwa nyundo.

Mhandisi wa barabara huiendea miamba yote miwili na swali lilelile: je, kokoto zake zinafaa? Jibu huandikwa kwa tarakimu, hupigwa mhuri wa maabara, na mkandarasi huanza kazi. Kwa kawaida mjadala huishia hapo. Lakini vipimo karibu vyote vya ugumu huliangamiza jiwe linalopimwa: hulisaga au hulivunja, kisha vumbi lake hutupwa. Jiwe linalolazwa barabarani ni jingine, ambalo halikuguswa na kipimo chochote. Hukumu hutolewa juu ya jiwe moja na kutekelezwa kwa jingine. Kinachoihalalisha hukumu ya namna hiyo ni swali la falsafa, na ni la zamani kuliko lami.

Kwanza iondolewe dhana moja inayopotosha, kwamba kufaa ni sifa iliyomo ndani ya jiwe kama uzito wake ulivyomo. Kalisaiti, madini makuu ya jiwe la chokaa, ina ugumu wa daraja la 3 katika ngazi ya Mohs yenye madaraja 10. Kwatsi, iliyojaa katika granaiti na katika mchanga wa kawaida, ni ya daraja la 7. Mchanga unaonaswa kati ya tairi na kokoto za chokaa huzisugua mpaka zing'ae. Granaiti nayo husuguliwa, ila madini yake ya aina mbalimbali hayaliki kwa kasi moja, kwa hiyo uso wake hubaki na mikwaruzo inayokamata tairi. Chokaa, kwa kuwa karibu yote ni madini ya aina moja, hulainika kote kwa pamoja, na mvua ikinyesha barabara huteleza, hasa kwenye kona na mahali ambapo madereva hufunga breki. Jiwe hilohilo likichanganywa na lami ya moto lina fadhila ambayo granaiti haina. Lami ina asili kidogo ya asidi, uso wa chokaa una asili ya alikali. Viwili hivyo hushikana, na maji hayavitenganishi kwa urahisi. Granaiti yenye silika nyingi huachwa na lami yake maji yakipenya, ndiyo sababu chokaa iliyozimwa huongezwa katika mchanganyiko wa lami wenye mawe ya aina hiyo. Mwamba mmoja, basi, unaweza kukataliwa kwa tabaka la juu linalokanyagwa na tairi na kupokewa kwa mikono miwili katika matabaka ya chini yake, siku hiyohiyo na mhandisi yuleyule, wala asijipinge.

Aristotle alifundisha kuwa wema wa kitu hujulikana kwa kazi yake: jicho jema ni lile linaloona vizuri. Jicho, hata hivyo, lipo ili lione. Jiwe la chokaa halipo ili libebe malori. Kazi ya jiwe hutoka kwa mwenye haja nalo, na haja za watu hugongana. Miamba ya chokaa ya Pangani na Chasimba huko Kilifi ni makazi ya mimea adimu, na kwa mtaalamu wa mimea mwamba huo unafaa pale tu unapoachwa ulivyo. Hakuna maabara itakayoamua kati ya kufaa huko kuwili, kwa sababu mgogoro wenyewe haumo ndani ya jiwe. Aristotle huyo, katika maandiko yake ya maadili, anasema kuwa jiwe hata likirushwa juu mara elfu kumi halitazoea kupanda, kwa vile maumbile yake ni kushuka. Mazoea ni jambo la binadamu. Hapa mtu wa barabara ana haki ya kumpinga kidogo. Jiwe lililo juu ya barabara hupata mazoea: likisuguliwa kwa muda, ulaini wake hufikia kiwango kinacholingana na wingi wa magari na kutulia hapo, na magari mazito yakipungua, ukwaruzi hurudi kiasi. Sifa muhimu kuliko zote kwa usalama wa msafiri haimo katika jiwe jipya hata kidogo. Hujengeka njiani.

Kipimo kinachotumika zaidi kupima ustahimilivu wa kokoto kilizaliwa Los Angeles, Marekani, na bado kinaitwa kwa jina la mji huo. Kokoto za uzito wa takriban kilo 5 hutiwa ndani ya pipa la chuma pamoja na gololi za chuma, nazo huwa kati ya 6 na 12 kutegemea ukubwa wa kokoto. Pipa huzungushwa mara 500, kisha kilichobaki huchekechwa kwa chekeche lenye matundu ya milimita 1.7, na kilichopita huhesabiwa kuwa hasara. Kipimo kingine hukandamiza kokoto ndani ya silinda mpaka kufikia mzigo wa kilonyutoni 400 katika dakika 10. Cha ulaini huzisugua kwa gurudumu la mpira, unga wa kukwaruza na maji kwa saa 6, kabla ya kuzipima kwa bembea ya msuguano. Katika vyote hivyo kinachojulikana kwa hakika ni kile kilichozipata kokoto chache ambazo sasa si kokoto tena.

Mwaka 1878 mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aliuliza habari za almasi iliyojiunda ndani ya pamba laini na kukaa humo mpaka ikateketea, bila kuguswa na chochote cha kuikwaruza. Je, ilikuwa ngumu? Wakati ule aliona kuwa hilo ni suala la namna ya kusema tu, kwa kuwa ugumu si kitu zaidi ya yale yanayotokea kitu kinapojaribiwa. Msimamo huo, ukichukuliwa kikamilifu, ungemfilisi mkandarasi: kokoto zote zilizolazwa barabarani zingekuwa hazina ugumu wala ulaini, na cheti cha maabara kingehusu vumbi lililokwisha kutupwa. Mwaka 1905 Peirce mwenyewe aliukana. Ugumu wa almasi, alieleza, haukai peke yake. Umefungamana na sifa nyingine za almasi, asili yake ya kaboni na muundo wake, ambazo zilikuwapo hata kabla ya jaribio lolote. Kwa hiyo ni kweli kwamba almasi ile ingepinga mkwaruzo kama ungeijia, ijapokuwa haukuijia.

Marekebisho hayo ndiyo yanayobeba kazi nzima ya kutathmini kokoto. Maabara haisemi jiwe la barabarani limefanya nini. Husema lingefanya nini, na hulisema kwa dhamana ya asili moja kati ya lililosagwa na lililosalimika. Dhamana hiyo pipa haliwezi kuitoa. Hutolewa na ujuzi wa jinsi mwamba ulivyoundika, yaani na mtu aliyesimama mbele ya ukuta wa machimbo kabla jiwe halijafika maabara. Ndiyo maana taarifa ya kokoto isiyosema sampuli ilitoka tabaka gani la mwamba, upande gani na kina gani, haina maana hata kama tarakimu zake zina desimali tatu.

Kwa mwamba wa matumbawe jambo hili ni zito. Ndani ya urefu wa mkono mmoja panaweza kuwa na tumbawe lenye matundu kama sega la nyuki, kando yake mchanga wa magamba ulioganda ukawa mgumu, na baina yao ufa uliojaa udongo mwekundu. La kwanza hunywa maji mengi, la pili kidogo, na udongo haufai kabisa. Lililokauka linaweza kufaulu na lilelile likilowekwa kwa siku moja likashindwa; kwa hiyo mhandisi mwangalifu hupima la kavu na la maji na kutazama tofauti yao, kwani tofauti hiyo mara nyingi hueleza zaidi ya tarakimu zenyewe. Mwamba wa Jurasi una utulivu zaidi: tabaka moja laweza kufuatwa mbali likiwa na tabia ileile. Nao una hila zake, kwa kuwa maji ya mvua yenye hewa ya ukaa huuyeyusha polepole na kuacha mashimo na mifuko ya udongo. Mapango ya Amboni, yanayotembelewa na watalii, ni kazi ya kemia hiyohiyo.

Fikihi ya biashara ilikwisha kulishughulikia swali la sampuli zamani, bila ya pipa wala chekeche. Katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kinachosomeshwa na wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, mnunuzi anatakiwa aione bidhaa anayoinunua. Lakini kuona sehemu yake kunatosha iwapo sehemu hiyo inaonyesha hali ya iliyobaki, kama uso wa lundo la nafaka, au kielelezo cha vitu vilivyo sawasawa. Sharti hilo ni kali kuliko linavyoonekana. Halitazami uaminifu wa muuzaji wala uangalifu wa mnunuzi. Latazama bidhaa yenyewe, kama ni ya kufanana au si ya kufanana. Ngano hufanana. Lundo la kokoto halifanani hata likitoka mwamba mmoja: kubwa huporomoka na kukusanyika chini pembeni, vumbi huoshwa na mvua kutoka juu na kuzama katikati. Uso wa lundo hilo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuchukulia sampuli. Kwa hiyo kanuni za maabara huagiza kuchimba ndani, kuchota sehemu nyingi za lundo, kuchanganya, kuligawa fungu katika robo nne na kubakiza mbili zinazotazamana, kisha kugawa tena. Kwa macho ya fikihi, hizo zote ni juhudi za kukifanya kisichofanana kifanane. Zinasaidia, ila haziwezi kuugeuza mwamba wa matumbawe ukawa shehena ya ngano, na ni afadhali mhandisi akilijua hilo akaongeza idadi ya sampuli kuliko akatafuta mashine ya gharama zaidi.

Kuna kosa jingine la kukisia lililojificha ndani ya vipimo hivyo, nalo ni la kuhukumu jumla kwa sifa za kipande kimojakimoja. Mskoti John Loudon McAdam, aliyesimamia barabara za Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 1816, mji uliozungukwa na miamba ya chokaa, alijenga mfumo wake juu ya wazo kwamba nguvu ya barabara hutokana na mawe madogo yaliyovunjwa yakakamatana kingo kwa kingo chini ya magurudumu. Aliagiza jiwe lisizidi uzito wa wakia 6, yaani takriban gramu 170. Nguvu hiyo haimo katika jiwe lolote likiwa peke yake. Imo katika kukaa pamoja kwa mawe. Matumbawe yana nyongeza hata juu ya hapo. Yakilowanishwa na kushindiliwa, sehemu ndogo ya kaboneti huyeyuka na kuganda upya kati ya vipande, na tabaka hugeuka kuwa karibu jiwe moja. Wanajeshi wa Marekani walijenga viwanja vya ndege kwa matumbawe katika visiwa vya Pasifiki wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mara nyingi wakiyamwagia maji ya bahari ili yagande, na ndege nzito zilitua juu yake. Pipa la Los Angeles haliwezi kuliona hilo. Hupima ukaidi wa jiwe linapogongwa na chuma, wakati barabarani jiwe hubanwa na mawe wenziwe. Vipimo vilivyosanifiwa kwa miamba migumu ya nchi nyingine vikitumiwa pwani bila kufikiri, hulikataa jiwe kwa kosa ambalo halitapata nafasi ya kulitenda.

Hata hivyo, tuseme mwamba unafanana, vipimo ni vya haki, na barabara ya jirani iliyojengwa kwa mawe hayo imedumu. Je, ni lazima na hii idumu? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika hoja zake dhidi ya wanafalsafa, alichukua mfano wa pamba na moto. Kinachoonekana, alisema, ni kuungua kwa pamba inapokutana na moto; hakuna aliyeona ulazima unaouunganisha moto na kuungua. Mfuatano huo ni ada aliyoiweka Mungu, naye pia huwaumbia watu ujuzi kwamba ada haikuvunjwa, na kwa ujuzi huo huendesha maisha bila wasiwasi. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu baadaye kwamba anayekanusha visababishi anaikanusha akili yenyewe. Mhandisi hana haja ya kungoja mshindi, maana kazi yake huenda kwa ada. Linalomhusu ni kujua ni ada ya nini. Mwenendo wa barabara ya jirani ni mwenendo wa mawe yale chini ya mizigo ile. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: mzigo ukizidishwa mara mbili, madhara huzidi kama mara 16. Malori yanayozidisha shehena huivunja ada ambayo juu yake kokoto zilikubaliwa, na jiwe lililofaa jana huwa halifai, bila lenyewe kubadilika hata chembe.

Mwishowe, mtu lazima aseme ndiyo au hapana, na kati ya hayo mawili pana mstari. Nchi kadhaa huruhusu hasara ya pipa isiyozidi asilimia 30 hivi kwa tabaka la juu, na 40 au zaidi kwa matabaka ya chini. Mwamba haujui chochote juu ya 30. Mwaka 1953 mwanafalsafa Richard Rudner alitetea hoja kwamba mwanasayansi hawezi kukwepa hukumu za thamani, kwa kuwa hakuna ushahidi unaothibitisha kabisa. Kila anapolikubali jambo ameamua kwamba ushahidi umetosha, na kutosha hupimwa kwa ubaya wa kukosea. Katika kokoto makosa ni mawili. Kulikubali jiwe bovu huleta mashimo, au utelezi unaomwangusha mwendesha bodaboda siku ya mvua. Kulikataa jiwe jema huleta gharama ya kuagiza jingine kutoka mbali, na fedha ambayo ingejenga barabara ya kijiji kingine kuishia kwenye usafirishaji. Unguja haina granaiti. Kokoto ngumu zisizo za chokaa lazima zivuke bahari, na huko kukataa kupita kiasi nako ni madhara. Mstari unaofaa kwa barabara kuu inayobeba makontena si mstari unaofaa kwa njia ya shamba, na anayeuweka mmoja kwa zote mbili amekwepa uamuzi uliokuwa wake.

Gharama za makosa hayo, zaidi ya hapo, hazimwangukii anayekosea. Anayeweka sahihi kwenye cheti hulipwa kabla ya mvua ya kwanza; anayeteleza hakuwamo katika mkataba. Uislamu unahesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, japo la chini kabisa katika matawi yake, na ni vigumu kuona kwa nini kuulaza udhia huo chini ya lami kuwe na hukumu nyepesi kuliko kuuacha juu yake. Kwa msingi huo wajibu wa mpimaji hauishii kwenye usahihi wa mizani. Unajumuisha kusema wazi sampuli ngapi zilichukuliwa na wapi, zipi zilishindwa, na hukumu inahusu tabaka lipi na mizigo ipi. Cheti kinachosema tu kwamba mawe ya machimbo fulani yanafaa kimeficha karibu kila kitu ambacho mtu wa baadaye angekihitaji ili akihoji.

Kuna jiwe moja tu linalopimwa mahali pake lenyewe: lile linalokatwa kwa keekee kutoka barabara iliyokwisha kutumika miaka kadhaa, pamoja na lami yake na majirani zake. Kipande hicho huonyesha kama kokoto zimevunjika, kama lami imeachana nazo, kama vumbi limepanda kutoka chini. Barabara za zamani za matumbawe zilizoko visiwani na ukanda wa pwani ni hazina ya ushahidi wa aina hiyo, wenye thamani zaidi ya majedwali yaliyonakiliwa kutoka ng'ambo. Kinachotakiwa ni kukata vipande hivyo kwa utaratibu, barabara zilizodumu pamoja na zilizoharibika, na kuweka matokeo yake pamoja na vyeti vya awali vya mawe yaleyale, ili kila mstari wa 30 au 40 uweze kulinganishwa na yaliyotokea baada yake na kusogezwa inapobidi.